Watoto Weupe wa Kaniki

Je, umewahi kuchungulia sanduku la sungura asubuhi ile ile aliyozaa? Kama hujawahi, tega sikio. Sungura jike akikaribia siku zake hujing'oa manyoya ya kifuani, akayatandika kama pamba, na watoto akawafukia humo ndani. Ukitazama kwa juu huoni mtoto hata mmoja. Unaona manyoya tu, na manyoya hayo yanapumua.

Hajira alilijua jambo hilo kuliko mwanafunzi yeyote wa shule ya Kwalugome, kijiji cha ujamaa kilichokuwa upande wa Handeni, mwaka ule wa 1975. Alikuwa darasa la tano, na walimu walikuwa wamempa uongozi wa mradi wa sungura. Kila siku alfajiri alikwenda kuteka maji mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba kwa kata, unangoja, maji yanajitokeza taratibu. Akirudi alikata majani ya viazi vitamu, akayaanika juu ya jiwe mpaka umande ukauke, maana majani yenye umande humvimbisha sungura tumbo. Ndipo alipokwenda shule, kitita cha majani kichwani na daftari la mradi kwapani.

Sungura wakubwa walikuwa watatu, wote wametoka shamba la mifugo la serikali. Jike aliitwa Kaniki, kwa sababu alikuwa mweusi wa kung'aa kama nguo ya kaniki iliyotoka dukani siku hiyo. Madume walikuwa Mkaa na Lami, nao weusi ti toka masikio hadi mkia. Kila mmoja alikuwa na banda lake, na mabanda yote yalitengenezwa na Mzee Hiza, baba yake Hajira, fundi seremala wa kijiji.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, Hajira alikuta manyoya yanapumua. Akajisugua mikono kwa nyasi za bandani ili harufu ya sabuni isimtie wasiwasi Kaniki, kisha akayafunua polepole. Mdoe, mwenzake wa zamu, akaegemea ufagio wake na kuchungulia.

Watoto walikuwa wanane, hawana hata unywele, kila mmoja sawa na kidole gumba. Sita ngozi yao ilikuwa nyeusi kama zambarau. Wawili walikuwa wekundu hafifu, rangi ya ulimi wa paka, na watoto wa rangi hiyo wakiota manyoya huwa weupe pe.

"Mama yangu wee!" Mdoe alimaka. "Baba Mkaa, mama Kaniki, hawa wametokea wapi? Hajira, Kaniki kazaa zeruzeru! Kama kwenu!"

Hajira alirudisha manyoya juu ya watoto. Akageuka, akamsukuma Mdoe kwa mikono miwili. Mdoe akaketi kwenye ndoo ya samadi, miguu juu.

"Kuna nini hapo?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Hilaria, msimamizi wa mradi. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge huko Magoma, na sauti yake ilikuwa imezoea kuita watu ng'ambo ya shamba.

"Shikamoo, mwalimu," Mdoe alisema akiwa bado ndani ya ndoo.

"Marahaba. Toka humo. Hajira, umemsukuma mwenzako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

Hajira aliinamisha kichwa. Mdoe ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo, "Nimemtania, mwalimu. Kuhusu mdogo wake."

Mwalimu Hilaria alikuwa amelisikia neno lenyewe tangu nje. "Neno ulilotumia, Mdoe, watu hulitumia kama jiwe. Mdogo wake Hajira ni mtoto mwenye ualbino, na jina lake ni Sadala. Na wewe Hajira, mkono haumfundishi mtu kitu. Ombaneni radhi, kisha mfagie."

Wakaombana radhi. Lakini moyo wa Hajira haukutulia, na sababu ilikuwa hii.

Mwezi wa kwanza mama yake, Chausiku, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto alikuja na nywele za rangi ya nyuzi za mahindi mabichi, ngozi nyeupe, na macho yaliyokuwa yakikwepa mwanga wa mlangoni. Hajira alimwona mzuri. Lakini shangazi yake, Bi Mashavu, dada mkubwa wa baba, alimfunua mtoto, akamfunika, akatoka nje bila kusema hongera.

Siku arobaini zilipokwisha ndipo aliposema. "Hiza, mdogo wangu, ukoo wetu ni weusi toka kwa babu wa babu. Haujapata kuzaa mtoto wa namna hii. Hii imetoka kwao mwanamke, Masuguru, basi na irudi Masuguru. Akae kwao, tutazame la kufanya."

Chausiku alimtazama mumewe. Hajira naye alimtazama. Mzee Hiza alifungua kinywa, akameza mate, akafunga kinywa. Dada yake ndiye aliyemlea tangu walipofiwa na mama, na hakuwahi kumpinga hata siku moja. Wiki ile ile aliwasindikiza mama na mtoto hadi kwenye basi la Korogwe. Nyumba ikabaki na watu watatu na ukimya mwingi. Usiku Hajira alimsikia baba akipiga randa ubao ule ule, hata pasipokuwa na kitu cha kutengeneza.

Basi sasa hebu fikiri: mtoto mwenye donda kama hilo, anafunua manyoya na kukuta jambo lile lile limetokea bandani!

Alhamisi iliyofuata alikuja Ndugu Semboja, bwana mifugo, kwa baiskeli yake yenye kikapu mbele. Hajira alimwonyesha watoto wa Kaniki, ambao sasa walikuwa wameanza kuota manyoya.

"Sita weusi, wawili weupe," alisema Ndugu Semboja, akitabasamu. "Nimepitia kitabu cha ukoo kule shambani. Mama yake Mkaa alikuwa mweupe. Babu yake Kaniki alikuwa mweupe. Mwalimu, niazime darasa lako nusu saa."

Aliomba makopo mawili, kunde nyeusi chache na punje mbili za mahindi meupe. Darasa zima likamzunguka. Mzee Hiza, aliyekuwa amekuja kukaza bawaba ya mlango wa darasa, aliendelea na kazi yake kimya kimya, bisibisi mkononi.

"Kila sungura," alieleza Ndugu Semboja, "ana asili mbili za rangi mwilini mwake. Moja kapewa na baba, moja kapewa na mama. Tuseme kunde ni weusi, hindi ni weupe. Kopo hili ni Kaniki." Akatia kunde moja na punje moja. "Kopo hili ni Mkaa." Akatia vivyo hivyo. "Weusi ukikaa pamoja na weupe, weusi ndio unaoonekana. Mtazame Kaniki utakavyo, hutauona weupe wake. Upo, lakini umejificha, kama maji ya mto wenu chini ya mchanga. Sasa anapozaa, kila mzazi humpa mtoto asili moja tu, na hachagui ipi. Hajira, fumba macho. Chukua moja kwa Kaniki, moja kwa Mkaa."

Hajira akafumba, akatoa. Kunde na kunde. "Mweusi!" darasa likaitika. Akarudisha, akatikisa makopo, akatoa tena. Kunde na hindi. "Mweusi!" Hindi na kunde. "Mweusi!" Mara ya saba alipofungua kiganja palikuwa na punje mbili za mahindi meupe, zimelala pamoja, na hakuna aliyeitika.

"Huyo ndiye mweupe," Ndugu Semboja alisema taratibu. "Kwa wastani, mmoja kati ya wanne. Si ahadi, ni bahati. Mwaka mwingine watatu, mwaka mwingine hakuna. Lakini ona jambo hili: hakuzaliwa kwa kosa la mtu. Amezaliwa kwa punje iliyopita kimya kwa babu, kwa mama, mpaka ikakutana na mwenzake."

Hajira alitazama viganja vyake. Aliwaza bibi asiowahi kuwaona, na mabibi wa hao bibi, kila mmoja akipokea kitu kiganjani, akipitisha, bila yeye mwenyewe kujua alichoshika. Kisha wazo likamjia, akachukua kopo la Mkaa, akatoa punje ya hindi na kutia kunde mahali pake. Akafumba macho, akachukua, akatazama. Akarudia. Mara kumi. Mara ishirini. Wenzake wakaanza kucheka.

"Unafanya nini, Hajira?" aliuliza Mwalimu Hilaria.

"Mwalimu, haziji! Kama mmoja tu ndiye mwenye nyeupe, hindi mbili haziji kamwe! Hata Kaniki awe nayo, peke yake hawezi." Akaliinua kopo la Mkaa. "Lazima itoke kwa wote wawili. Kwa mama *na* kwa baba."

Kule mlangoni bisibisi iliacha kuzunguka.

"Hayo ni mambo ya makopo," Mdoe alisema, akikuna kichwa. "Kaniki si kopo."

Watu wakaangua kicheko, na Ndugu Semboja alicheka kuliko wote. "Kasema kweli huyu! Basi tumuulize Kaniki mwenyewe. Lami, kwa kitabu changu, ni mweusi mwana wa weusi, vizazi vinne hakuna mweupe. Watoto hawa wakishaacha kunyonya, tutampeleka Kaniki kwa Lami. Hajira, tabiri. Watakuwa rangi gani?"

"Weusi wote," alisema Hajira.

"Andika kabla hawajazaliwa. Mtu akitabiri baada ya mvua kunyesha, huyo hajatabiri."

Akaandika kwenye daftari la mradi. "Na akizaa mweupe, Ndugu Semboja?"

"Tutaandika mweupe. Sisi hatulibembelezi daftari, mwanangu."

Usidhani siku zilikimbia. Jumatatu ya tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, Hajira alimbeba Kaniki hadi kwenye banda la Lami, maana jike ndiye hupelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwa jike wataumana. Tangu hapo akawa anahesabu. Alijua kwamba siku thelathini na moja zikitimia, itakuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa sita. Mzee Hiza alitengeneza sanduku jipya la kuzalia, akalipiga msasa mpaka ndani, mahali asipopaona mtu.

Jumatano jioni, wakipepeta mahindi, Hajira alijipa moyo. "Shangazi, kesho asubuhi njoo shuleni. Kaniki atazaa."

"Mimi, Mashavu, nikatazame panya wa shule wakizaa?"

"Si panya, shangazi. Tafadhali."

"Mtoto ana maneno huyu! Hiza, unamsikia mwanao?"

"Namsikia," baba alijibu. Kisha akasema neno ambalo Hajira hakulitegemea. "Twende, dada. Mimi nakwenda."

Asubuhi ile walisimama mbele ya banda watu sita: Hajira, baba yake, Bi Mashavu aliyejitanda kanga hadi puani kwa sababu ya harufu, Mwalimu Hilaria, Ndugu Semboja, na Mdoe aliyekuwa ameapa hatakosa. Manyoya yalikuwa yanapumua.

"Shangazi," Hajira alisema, "jike huyu ndiye yule yule aliyezaa weupe. Dume tu ndiye mwingine." Akamsomea alichoandika daftarini. Akafunua.

Mmoja, mweusi. Wa pili, mweusi. Wa tatu na wa nne walikuwa wamekumbatiana, weusi kama zambarau. Wa tano, wa sita. "Kuna mwingine chini kabisa," Mdoe alinong'ona. Ilionekana ncha ya kitu chekundu pembeni. Mkono wa Hajira ukagoma.

Mzee Hiza ndiye aliyeingiza mkono wake mkubwa wenye sugu za randa. Akakitoa kile kitu chekundu: kipande cha kitambaa kilichofungiwa wavu wa banda, ambacho Kaniki alikuwa amekivuta. Chini yake alilala wa saba, mdogo kuliko wote, mweusi ti, akigeuza kichwa huku na huku akitafuta titi.

"Saba. Weusi wote," alisema Ndugu Semboja, na hata yeye, aliyejua, alivua kofia.

Walisimama wakitazama vile viumbe saba visivyo na macho wala manyoya, ambavyo mtoto wa darasa la tano alikuwa ameandika rangi yao mwezi mzima kabla havijawa kitu.

"Subhanallah," alisema Bi Mashavu. Kanga ilikuwa imemteleza puani, naye hana habari.

Mzee Hiza alimfukia yule mdogo kwenye manyoya. "Ndugu yangu," alimwambia Semboja bila kumtazama, "na kwa watu?"

"Mimi ni bwana mifugo, mzee, si daktari. Lakini nililisoma chuoni, na daktari ukimuuliza atakuambia hivyo hivyo. Mtoto akizaliwa na ualbino, amepewa na pande zote mbili. Baba amebeba, mama amebeba. Wote wawili weusi, wote wawili wazima, na wote wawili hawajui."

"Pande zote mbili," Mzee Hiza alirudia.

Bi Mashavu alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alikuwa akivuta nyuzi za pindo la kanga yake. "Hiza," alisema mwishowe, "nilikuwa mtoto kama Hajira. Nyumbani kwa babu kulikuwa na msichana aliyekaa ndani siku zote. Aliitwa Mwatumu, mdogo wake baba. Nilimwona mara moja tu, mlango ulipoachwa wazi. Nywele zake..." Akashika nywele za Hajira, kana kwamba rangi ilikuwa hapo. "Zilikuwa kama za Sadala. Alipokufa tuliambiwa tusimtaje. Nikatii. Nilitii mpaka nikajiambia kwamba sikumwona. Nimemfukuza mke wa mtu kwa jambo lililokuwa nyumbani kwetu."

Mdoe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mwalimu Hilaria akachuchumaa karibu na Bi Mashavu. "Mama, umelisema leo, na si jambo dogo kulisema mbele ya watoto." Kisha akawageukia Hajira na Mdoe. "Na ninyi mshike jambo hili. Mtu asiyejua sababu hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi humlaumu asiye na mtetezi. Hajira angeweza kupiga watu ngumi mwaka mzima, na hakuna ambaye angebadili mawazo. Badala yake aliuliza, akahesabu, akaandika, akangoja, tena akiwa tayari kuandika hata lile ambalo angelichukia. Sadala hahitaji lawama. Anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli wakati wa jua kali, maana ngozi yake huungua upesi. Akianza shule nitamkalisha mbele, aone ubao."

"Kofia nitamsukia mimi," alisema Bi Mashavu. "Ya ukili. Pana."

Jumamosi baba na binti wakapanda basi. Vumbi la njia ya Handeni liliwafanya wote wawili wawe rangi moja ya matofali, na walipofika Korogwe wakanawa uso kwenye bomba la stendi kabla ya kutembea hadi Masuguru. Mama Chausiku alikuwa barazani kwa mama yake, upande wa kivuli, Sadala kalala mapajani, mkono mmoja umeshika kidole cha mama.

Hajira alimkimbilia. Mzee Hiza alisimama pale uani, kofia mkononi. Akamwamkia mama mkwe kwa heshima zote. Akauliza habari za mvua. Akauliza habari za mahindi. Akasifu paa la nyumba. Akauliza tena habari za mvua. Bibi, mama mkwe, akakohoa, akaingia jikoni kutazama chai ambayo haikuwa imebandikwa.

Chausiku hakumsaidia. Alimtazama tu mumewe, akangoja.

Mzee Hiza alipanda barazani, akapiga magoti mbele ya mtoto. Sadala alifumbua macho, akayakunja kwa ajili ya mwanga, na baba yake akaiweka kofia yake mwenyewe kati ya jua na uso wa mtoto.

"Mama Hajira," alisema, "siku ile kwenye basi nilitaka kukuambia usipande. Neno lilinifika hapa, kooni, nikalimeza. Leo nalisema. Huyu ni mwanangu. Nataka mrudi nyumbani."